Mama Kona na Kitanda cha Mgeni

Mpaka anatimiza miaka arobaini na sita, Mama Kona hakuwahi kuketi katika chumba chenye zulia. Si kwamba hakuviingia. Aliingia vyumba kumi na sita vya namna hiyo kila siku, siku sita kwa wiki, kwa miaka ishirini na mmoja, na alivijua kuliko wageni waliovilipia. Lakini aliingia na ndoo na kutoka na ndoo, na humo ndani alikuwa amesimama, ameinama au amepiga magoti. Kuketi lilikuwa jambo la watu wengine.

Jina la Mama Kona alipewa na wenzake wa hotelini kwa sababu ya kona za mashuka yake. Alikuwa na namna yake ya kulikunja shuka kwenye ncha ya godoro, kulisukuma chini kwa kiganja na kulivuta mara moja tu, likatulia hivyo mpaka mgeni alivuruge mwenyewe usiku. Wahudumu wapya wa vyumba walipandishwa ghorofa ya tatu, kwenye himaya yake, waje waone. Wengine walihangaika wiki nzima shuka likiwashinda, wakaishia kusema mama huyu ana dawa yake. Yeye alicheka tu, akawaambia warudie.

Sasa, mtu wa namna hiyo ungetegemea atembee kifua mbele. Wapi! Mama yake mzazi alikuwa akifulia watu nguo majumbani, na alimlea kwa agizo moja: ukiingia nyumba ya watu usisimame katikati ya chumba, tafuta ukuta, ukae hapo mpaka uambiwe la kufanya. Mtoto akalishika agizo hilo, tena akapitiliza. Benki alisimama ukutani hata siku ambayo foleni haikuwa na mtu. Siku ya wazazi, shuleni kwa binti yake, viti vilikuwa tele, lakini yeye akajibanza nyuma karibu na mlango, na mwalimu mgeni akadhani ndiye mfagiaji, akamwomba afungue dirisha. Akalifungua. Kisha akatoa kitambaa mkobani akavifuta na vioo. Binti yake nusura aingie chini ya dawati.

Yote hayo yangebaki vichekesho vya nyumbani kama mkuu wa idara ya vyumba asingestaafu.

Cheo hicho kilikuwa kimeshikwa na watu watatu tangu Mama Kona aajiriwe, na wote waliletwa kutoka nje na vyeti vyao. Walijua jina la kila sabuni, lakini hawakujua kwamba choo cha chumba 312 huziba mvua ikinyesha siku mbili mfululizo. Safari hii tangazo lililobandikwa karibu na jikoni lilisema kwamba hata mfanyakazi wa ndani mwenye uzoefu wa miaka kumi anaweza kuomba. Mwenzake wa ghorofa ya pili, mwanamke mmoja mwenye mdomo usiojua likizo, alilisoma kwa sauti mara mbili, kisha akamgeukia.

"Hili limeandikwa kwa ajili yako. Limebaki kutaja rangi ya viatu vyako tu."

"Niache bwana. Mimi na kiti cha ofisi wapi na wapi?"

"Basi watatuletea mwingine wa kutufundisha kushika ufagio. Ukikataa, usije kunililia."

Alikataa kwa siku nne. Siku ya tano binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, akaijaza fomu ya maombi kwa mwandiko mzuri na kumwekea mbele yake kalamu. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa kwenye kigoda akitoa matope kwenye mnyororo wa mtu.

"Tia sahihi, mke wangu," alisema. "Tatizo langu moja tu. Ukishakuwa mkuu, mimi watanisalimiaje? Mume wa mkuu, shikamoo?"

Wifi yake, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, hakucheka. "Kaka, usimpe kichwa. Watu wa ndoo wanajulikana na watu wa viti wanajulikana. Atakwenda kule, watamtazama juu mpaka chini, arudi na aibu yake hapa tuanze kumbembeleza."

Mama Kona alitia sahihi. Lakini nisiwadanganye: moyoni aliona wifi yake ndiye aliyesema kweli. Hakuwa akiogopa kazi. Kazi aliimudu vizuri sana. Alichoogopa ni kwamba kuna watu walioumbwa kwa ajili ya kuketi na wengine kwa ajili ya kusimama, na kwamba siku ya usaili wangemtazama mara moja tu wakajua yeye ni wa upande gani.

Tena kulikuwa na jambo jingine, la siri, ambalo hakumwambia hata mumewe.

Mwaka wake wa kumi na moja kazini, akiwa anamalizia chumba 307, mgongo ulimkamata. Ulimkamata kwelikweli, akashindwa hata kuinama aokote kitambaa. Hakukuwa na kiti, maana alikuwa amevitoa viti na kuviweka ukumbini ili asugue zulia. Kulikuwa na kitanda tu, na kitanda alikuwa amekwisha kukitandika. Sheria ya hoteli ilikuwa wazi, imeandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo kwa herufi ambazo hata kipofu angezihisi: mfanyakazi atakayekutwa ameketi au amelala juu ya kitanda cha mgeni, kazi yake imeisha siku hiyohiyo. Alisimama hapo machozi yakimlengalenga. Mwishowe akavua viatu, akatandaza shuka kuukuu juu ya lile safi, akajilaza ukingoni kabisa, mguu mmoja uko nje, tayari kukimbia.

Ndipo akauona utando wa buibui. Mkubwa, mweusi kwa vumbi, umekaa kwa raha zake kati ya dari na pazia. Akaona vumbi chini ya kifuniko cha taa ya ukutani. Akaona bomba la kiyoyozi lina michirizi ya kutu. Chumba hicho alikuwa amekisafisha kila siku kwa miaka kumi, na alikuwa tayari kuapa kwamba hakina hata chembe. Kumbe alikuwa akikiona kwa macho ya mtu aliyesimama, na mgeni hakulipa pesa zote zile aje kusimama.

Alilala dakika mbili. Alipoinuka mgongo bado ulimuuma lakini akili ilikuwa imechangamka. Tangu siku hiyo, kila mhudumu mpya aliyeletwa ghorofa ya tatu, somo la kwanza lilikuwa kona ya shuka, na la pili lilikuwa hili: mlango unazibwa kwa toroli, shuka kuukuu linatandazwa, viatu vinavuliwa, panda ulale. Mama Kona husimama dirishani na saa yake. "Unaona nini?" humwuliza. Na kila mmoja, bila kukosa, huona kitu alichokiruka.

Lakini aliona na jingine, ambalo hakulitafuta. Aliona namna wanavyolala. Wote walilala vilevile: ukingoni, wamekakamaa, mikono imebana kifuani, visigino vinaning'inia nje visiguse shuka. Wasichana wenye nguvu, wenye vicheko vya kutetemesha ukumbi, wakipanda pale wanakuwa kama wameiba kitu. Aliwaambia, "Sogea katikati, mwanangu, hakiumi." Husogea kidole kimoja. Wengine ilichukua miezi. Yeye mwenyewe, katika miaka kumi ya kufundisha, hakuwahi kupanda tena.

Basi hiyo ndiyo siri. Ghorofa ya tatu haikupata lalamiko, na sababu yake ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Wiki nzima kabla ya usaili, nyumba ya fundi baiskeli iligeuka ofisi. Binti alikaa nyuma ya meza ya kulia chakula akijifanya mkurugenzi, sura ameikunja, na mama yake akaingia kutoka jikoni kana kwamba anatoka ukumbini.

"Mama, ukiingia, keti. Usisubiri kuambiwa."

"Nitaketi."

"Umesimama tena."

"Nilikuwa najiandaa kuketi!"

Fundi baiskeli alicheka mpaka akadondosha spana. Walirudia mara ishirini, na mara ya ishirini Mama Kona aliingia, akavuta kiti, akaketi, akasema, "Habari za asubuhi," bila kupepesa macho. Walipiga makofi. Alilala usingizi mzuri usiku ule.

Siku ilipofika, karani alimwingiza chumba cha mikutano saa nne kasorobo, kabla ya wakubwa. Meza ndefu, viti vinane vya ngozi, zulia la bluu. Mtu mwingine angeketi, akajipanga. Mama Kona aliona kitambaa cha meza kimekaa upande, upande mmoja unakaribia kugusa sakafu. Akakinyoosha. Akaona glasi mbili zina alama za vidole. Akazifuta kwa leso yake. Akazipanga kalamu. Alipomaliza, vishindo vikasikika nje, na miguu yake, bila kumwuliza, ikampeleka ukutani karibu na kabati la vyombo, mikono nyuma.

Waliingia watatu. Mkurugenzi, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na miezi minane tu hotelini. Mhasibu mkuu, mama mmoja wa miwani anayetembea na mafaili kifuani. Na mtaalamu wa mambo ya hoteli aliyealikwa kutoka nje, bwana mnene mwenye sauti ya redio, ambaye ndiye aliyetunga ile orodha ya ukaguzi wa vyumba yenye vipengele arobaini na viwili iliyokuwa ikitumika pale.

"Dada, nisaidie koti," mtaalamu alisema, akimkabidhi bila kumtazama. "Na maji. Yasiwe baridi sana."

Sasa hapo ndipo binadamu mwenye akili zake angesema, samahani bwana, mimi ni mwombaji. Mama Kona alilipokea koti, akalitundika na kunyoosha mabega yake. Akamimina maji. Akawamiminia na wale wengine wawili, asije akaonekana ana upendeleo.

"Tuanze," mkurugenzi alisema, macho kwenye karatasi. "Mwombaji wa kwanza aitwe."

Karani akachungulia mlangoni. "Yumo humo, bwana. Nilimwingiza mwenyewe."

Vichwa vitatu vikainuka. Vikazunguka chumba chote, vikapita viti vyote vitupu, vikafika kwenye kabati la vyombo, alipokuwa mwanamke mwenye jagi mkononi.

"Ni mimi," alisema Mama Kona.

Aibu ikamwagika chumbani. Mtaalamu alikohoa, mhasibu akayageukia mafaili yake, mkurugenzi akasimama nusu akakaa tena. "Karibu kiti, mama," alisema. Naye akaketi, kwenye kiti cha mbali kuliko vyote, kwenye ncha yake ya mbele, jagi bado amelishika. Ilibidi mhasibu alichukue kwa mikono yake mwenyewe aliweke mezani. Mama Kona alitamani zulia lile la bluu lifunguke limmeze. Zoezi lote la nyumbani lilikuwa limekwenda na maji.

"Mama, nisikufiche," mtaalamu alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, ndiyo maana iliuma zaidi. "Mkuu wa idara anaongoza watu ishirini na wanane. Anaketi meza moja na wakuu wenzake na kubishana nao. Wewe umeingia hapa kama mwombaji, ukajigeuza mhudumu mwenyewe. Kesho mkuu wa jikoni akikupandishia sauti utakuwa wapi? Ukutani?"

Mama Kona alikuwa ameambiwa alichojiambia mwenyewe tangu utotoni, tofauti ni kwamba safari hii kilisemwa na mtu mwenye tai.

Mhasibu alifungua faili moja. "Mimi nina swali la takwimu. Mwaka jana ghorofa ya kwanza malalamiko kumi na tisa. Ya pili, kumi na saba. Ya nne, ishirini na mbili. Ya tatu, hakuna. Mwaka juzi, hakuna. Nimerudi nyuma mpaka macho yakaniuma, hakuna. Wahudumu ni walewale, wanahamishwahamishwa. Sabuni ileile. Mna siri gani huko juu?"

Angeweza kusema bidii. Angeweza kusema ushirikiano, neno ambalo binti yake alimfundisha hasa kwa ajili ya swali kama hilo. Lakini bidii hata ghorofa ya nne walikuwa nayo. Akaona mambo mawili kwa wakati mmoja, waziwazi: kwamba jibu la kweli ndilo pekee lenye uzito wa kumpa kazi ile, na kwamba jibu hilohilo lingeweza kumtoa nje ya geti kabla ya chakula cha mchana, na karo ya binti ibaki juu ya minyororo ya baiskeli.

Akatazama zile kalamu alizozipanga. Akapata hasira, na hasira ile ilikuwa dawa. Watu hawa walikuwa wametafuta kwa miaka jambo ambalo yeye alilipata kwa kuumwa mgongo, wakalitafuta kila mahali isipokuwa kwake.

"Ninawalaza kitandani," alisema.

"Nini?" mhasibu aliuliza.

"Wahudumu. Wakimaliza chumba, ninawalaza juu ya kitanda cha mgeni dakika mbili. Kila mhudumu mpya. Kwa miaka kumi. Wakihamishwa ghorofa nyingine hawathubutu. Sheria ninaijua, iko ukutani, ninapita chini yake kila asubuhi. Na bwana ameniuliza kama nitakuwa ukutani. Ndiyo, nilikuwa ukutani. Ninyi mliponikuta pale hamkushtuka, mkaniagiza maji. Hatukulaumiana. Lakini kama mnataka kujua kwa nini mgeni halalamiki kwangu, twendeni chumbani, maana hapa nitaonekana mwongo."

Hakuna aliyemwambia azungumze hivyo. Yeye mwenyewe alishangaa sauti imetoka wapi. Mtaalamu alikuwa ametoa macho, na mkurugenzi akainuka.

"Chumba gani?"

"Chochote kilichokaguliwa leo kikapita. Kisiwe cha kwangu."

Walipewa 108, ghorofa ya kwanza. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa bado imebandikwa nyuma ya mlango, vipengele arobaini na viwili, vyote vimewekwa alama ya ndiyo. Mtaalamu alizunguka, akapitisha kidole juu ya meza, juu ya fremu ya picha, juu ya kingo za dirisha. Safi. Akafungua bafu. Safi. "Chumba hiki kina kasoro gani?" aliuliza, na ukichunguza vizuri ungesikia kiburi cha mzazi.

"Sijui bado, na mimi nimesimama," Mama Kona alisema. Akatandaza taulo kubwa juu ya kitanda. "Vua viatu, bwana. Panda."

Kwa heshima yake lazima tuseme: alivua. Akapanda, akajitupa katikati kabisa, miguu akaitawanya, mikono chini ya kichwa, kitanda kikalia. Alilala kama mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa kitanda chochote si chake. Akatazama juu. Tabasamu likamtoka polepole.

"Loo," alisema.

"Unaona nini?" Mama Kona aliuliza kwa desturi, mkono ukitafuta saa.

"Feni. Kingo za feni ni nyeusi. Na pale, nyuma ya pazia, ndoano tatu hazipo, pazia limelegea. Na chini ya kifuniko cha taa kuna... huyo ni mdudu mkavu?"

"Wawili," mhasibu alisema. Alikuwa amejiinamisha kando yake, miwani mkononi.

"Hakuna hata kimoja kilichomo kwenye orodha yangu!" Mtaalamu alicheka, kicheko cha kweli, tumbo likamtikisika. "Vipengele arobaini na viwili, na nimevitunga vyote nikiwa wima!"

Alipoteremka, mkurugenzi alisema, "Nami nione." Akavua viatu, akavipanga sambamba karibu na ukuta. Akapanda.

Alilala ukingoni. Kabisa, kwenye upana wa kiganja tu. Mgongo umekakamaa, mikono imebana kifuani, na visigino vyake, katika soksi za bei ghali, vilining'inia nje visiguse taulo.

Mama Kona alimtazama. Wale wawili hawakuona kitu, kwao mtu alikuwa amelala tu. Lakini yeye alikuwa amewaona wasichana zaidi ya sitini wakilala hivyo. Hakuhitaji kuambiwa mtu huyu alizaliwa nyumba gani, wala mama yake aliingia majumba ya watu kwa mlango upi. Vyeo vyote vile, suti yote ile, na mwili bado unaogopa kukutwa.

Mkurugenzi aligeuza kichwa, macho yao yakakutana. Alijua kwamba ameonwa.

"Unaona nini, mama?" aliuliza chini kwa chini.

Mama Kona angeweza kusema alichokiona. "Naona bwana anaangalia dari," alisema. "Ukisogea katikati, huenda ukaona na kutu kwenye bomba la kiyoyozi."

Akasogea. Kidole kimoja, kisha kingine. Ilichukua muda. Alipofika katikati alishusha pumzi, mabega yakalegea, akabaki hivyo akitazama juu.

"Huchukua muda gani," aliuliza, "kwa hao wasichana wako? Kufika katikati?"

"Wengine mwezi. Wengine miezi."

"Na wewe?"

Hapo alinaswa. "Mimi bado, bwana," alisema. "Nilipanda siku moja tu, ukingoni. Nilikuwa naumwa."

Mkurugenzi aliinuka, akavaa viatu. Akalinyoosha taulo kwa mikono yake mwenyewe, vibaya, kona moja juu. Kisha akasimama dirishani, mahali pa Mama Kona, akaitazama saa yake.

"Dakika mbili," alisema.

Mama Kona alivua viatu. Alizirekebisha kona za lile taulo kwanza, maana kuna mambo mtu hawezi kuyavumilia. Akapanda ukingoni. Magodoro aliyokuwa ameyageuza kwa mikono hiyo yangejaza jumba, na hakujua kwamba katikati ni laini hivyo, kwa sababu hakuwahi kufika katikati. Alifika. Akanyoosha miguu. Akafungua mikono, mmoja huku, mwingine kule. Mtaalamu, mhasibu na mkurugenzi walikuwa wamesimama ukutani, na yeye amelala, na mbingu hazikuanguka. Alihisi furaha ikimpanda kutoka nyayoni, furaha ya kitoto isiyo na adabu. Alitaka kucheka kwa sauti, akacheka.

"Andikeni," alisema kutoka pale, na mhasibu akafungua faili lake. "Feni ipanguswe kila Jumatatu. Ndoano za pazia, fundi aitwe leo. Huyo mdudu na mwenzake, sasa hivi. Na kioo cha kabati kimeelekezwa kitandani, mgeni akifumbua macho asubuhi jambo la kwanza anakutana na uso wake. Kigeuzwe. Si kila mtu anataka habari hizo mapema."

Waliandika. Mtaalamu aliitoa orodha yake nyuma ya mlango, akaomba kalamu, akaanza kuongeza.

Waombaji wengine wawili walisailiwa, kama haki inavyotaka, na walijibu vizuri. Saa nane mchana Mama Kona aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Kulikuwa na kiti. Aliketi kabla ya kuambiwa, na mgongo wake ukagusa egemeo.

"Kwa sheria za hoteli hii," mkurugenzi alisema, "leo nilipaswa kukuandikia barua ya kukufukuza. Nimeandika barua nyingine. Wote watatu tumetia sahihi." Akamsukumia karatasi. "Na ile sheria iliyo ukutani inateremshwa jioni hii. Utatunga mpya."

Aliisoma barua mara tatu. Alilia, na hakujificha.

Wahudumu ishirini na wanane walikuwa wamekusanyika kwenye ghala la mashuka, habari zikiwa zimewafikia nusunusu: wengine walisikia amepandishwa, wengine kwamba amefukuzwa, na mmoja aliapa kwamba amemlaza mkurugenzi chini na kumpiga. Mama Kona alipoingia, walimfungulia njia.

"Haya, sema!" alisema yule wa ghorofa ya pili. "Wamekutoa? Kama wamekutoa, mimi naacha kazi leo. Tena naacha kwa kelele. Nani atatutetea kwa mkuu?"

"Mkuu ni mimi."

Kisha yule mwenye mdomo, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, akakosa la kusema. Akaketi juu ya rundo la taulo. Halafu vigelegele vikalipuka ghala zima, vikapenya jikoni, vikafika mapokezi, mpaka mgeni mmoja akauliza kuna nini, na kijana wa mapokezi akamjibu, kifua mbele kana kwamba cheo ni chake, "Mkuu wetu wa vyumba, bwana. Ameanza kazi."